Mtungi Uliomwagika Kabla ya Birongo

Nilipofika nyumbani Voi kwa likizo, nyote mliniuliza kovu la kiwiko nimelipata wapi na kwa nini sitaki kuzungumzia kazi. Niliwajibu kwamba barabara za Kisii zina matope. Zina matope kweli, lakini si matope yaliyonifunga mdomo. Nawaandikia mambo yalivyokwenda, kuanzia Suneka hadi Sironga na kurudi, ili nisije nikaulizwa tena nikatafuta jibu jingine fupi.

Suneka

Mnajua kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa sindano. Mbegu ya fahali hukaa ndani ya mirija myembamba, na mirija hukaa ndani ya mtungi wa naitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji. Mtungi ukiinama, kile kibaridi kinamwagika, na haichukui muda mbegu inakufa. Ukiitazama kwa macho huwezi kujua kama ni hai au imekufa.

Nilikuwa na miezi miwili tu Suneka. Pikipiki niliyopewa ilikuwa ya Mokua, mtangulizi wangu, ambaye alikuwa amehamishwa. Sikumkuta, lakini kila boma walimkumbuka kwa mwili wake: mtu wa kujaza mlango, na nyuma yake hakukosa gunia la lishe. Mimi mnanijua. Hata nikivaa mabuti na koti la mvua sifiki kilo hamsini na tano.

Pikipiki ile ilinisumbua tangu siku ya kwanza. Nikiikalia, ni ncha za vidole tu zilizogusa ardhi. Kwenye lami nilijikaza, lakini kwenye maramu kila jiwe lilinirusha kutoka kitini, na gurudumu la nyuma liliruka upande. Nilijiambia nitazoea. Wakati wa kuomba kazi niliulizwa kama naweza pikipiki kubwa, nikasema ndiyo kabla swali halijaisha.

Ijumaa ile asubuhi nilipigiwa simu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kerubo, mwenzangu wa kazi anayekaa Sironga, upande wa Nyamira. Amevunjika mguu, anaomba nikamshikie zamu wiki nzima. Ya pili ilikuwa ya mwanamume aitwaye Ombati, wa Birongo.

"Daktari, ng'ombe ya baba imeita tangu alfajiri," akasema. "Imepandishwa mara mbili na ikarudi. Hii ndiyo ya mwisho. Ikirudi tena, naita mchinjaji."

Ng'ombe akiita ni joto limempanda; akirudi ni kwamba hakushika mimba. Nikamwambia nitafika alasiri, kisha niendelee hadi Sironga.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa fundi Nyakundi anikazie mnyororo. Alipomaliza alinitazama nikipanda. Akaja nyuma, akashika kiti kwa mikono miwili na kukikandamiza. Hakikushuka.

"Daktari, wewe uko kilo ngapi?" akaniuliza.

Wanaume wawili waliokuwa wakingoja pikipiki zao walicheka. Mimi sikucheka. Tangu nifike nilikuwa nimeulizwa kama ni mwanafunzi, kama nimeolewa, kama upepo hautanibeba.

"Mimi si gunia la mahindi," nikamwambia. "Nimekuletea mnyororo, si kilo zangu."

"Sawa, madam. Nilikuwa nauliza tu."

Aliinamisha kichwa akafuta mikono kwa kitambaa. Niliondoka bila kuaga.

Kisii mjini

Kutoka Suneka hadi mjini si mbali, lakini siku ile nilikaa mjini karibu saa mbili. Lori la ndizi lilikuwa limekwama kwenye mteremko karibu na soko, magari yamejipanga nyuma yake, na sisi wa pikipiki tunapenya kwa zamu. Kupenya ni rahisi kwa anayeweza kukanyaga chini. Mimi kila niliposimama nililazimika kuinamia upande mmoja, nitafute ardhi kwa vidole kama mtu anayepima kina cha mto.

Mara moja niliitafuta upande ambao barabara ilikuwa imebonyea, nikaikosa. Pikipiki ilianza kulala polepole na mimi juu yake. Mwanamke aliyekuwa akiuza parachichi ukingoni aliacha beseni lake, akadaka keria ya nyuma mahali nilipofunga mtungi, akausimamisha mzigo wote kwa bega.

"Pole mama," akasema. "Hii kitu ni ya bwana yako?"

"Ni yangu."

"Haya. Lakini ni kama haijakujua."

Nilipaswa kumshukuru, labda ninunue hata parachichi mbili. Nilichofanya ni kuangalia mtungi kama umefunga, nikaona umefunga, nikakanyaga gia. Watu walikuwa wakitazama, na nilichotaka ni kutoka machoni mwao.

Kabla ya Birongo

Mvua ya kule huja baada ya adhuhuri, na watu hupanga siku zao kuizunguka. Mimi nilikuwa nimechelewa, kwa hiyo ilinikuta nimeshaacha lami, kwenye njia nyekundu inayoshuka katikati ya majani chai. Nilijikinga kwenye kibanda cha kukusanyia majani, pamoja na wachumaji watatu waliozungumza Ekegusii na kunipisha nafasi kavu. Mvua ilipopungua, mmoja wao aliniambia kwa Kiswahili nisubiri njia inywe maji. Nilitazama saa, nikakataa.

Chini ya mteremko maji yalikuwa yamechimba mfereji kukata njia. Haukuwa wa kutisha. Niliuona mapema, nikapunguza mwendo. Gurudumu la mbele likaingia na kutoka. La nyuma lilipofika lilinirusha juu, na niliporudi kitini pikipiki haikuwa tena chini yangu pale nilipoiacha. Nikaangukia kiwiko.

Nilipoinuka niliona kifuniko cha mtungi kwenye nyasi, hatua tatu kutoka nilipo. Mtungi ulikuwa umelala, na moshi mweupe ulitambaa juu ya matope kisha ukaisha. Niliusimamisha, nikafunika, nikaufunga tena kwa mpira. Nikatikisa nisikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Hakuna kilichocheza.

Hapo ndipo ningempigia Ombati nimweleze. Simu ilikuwa na chaji na mtandao ulikuwapo. Niliishika mkononi. Nikawaza nitasema nini: kwamba daktari aliyeagizwa hawezi pikipiki yake? Nikairudisha mfukoni na kujiambia labda chini kabisa kumebaki kidogo.

Birongo

Ombati alikuwa langoni, mtu mrefu wa makamo, na gamboti zenye tope. Kwa kuwa alisema ng'ombe ni wa baba, nilitaka kuanza kwa adabu.

"Mzee yuko wapi nimsalimie?"

Akaonyesha upande wa migomba, palipokuwa na kaburi lililosakafiwa. "Mzee ni yule pale. Alienda kitambo."

"Lakini ulisema ng'ombe ya baba."

Alikunja uso, kisha akaelewa. "Aa. Kwetu baba ni mama, daktari. Lugha imenitoka."

Mama yake alitoka jikoni akijifuta mikono, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani. Majirani humwita Omong'ina, yaani mama mzee, nami nikamwita hivyo. Aliona matope yaliyonipaka kuanzia bega hadi buti, akaona damu ya kiwiko, akashika mkono wangu.

"Umeanguka ukikuja kwangu," akasema. "Na bado umekuja."

Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye kibanda, tayari kabisa, amesimama kama anavyotakiwa kusimama. Niliwapa kisogo, nikafungua mtungi. Hapakuwa na moshi. Nilivuta mrija mmoja kwa koleo. Ulikuwa umelowa jasho na umelegea, haukuwa na ule ugumu wa barafu. Nilijua. Nataka mlijue hilo: sikubahatisha wala sikudhani. Nilijua nimeshika maji.

Ombati alikuwa nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini, "Hii ikikataa, basi ni tasa. Mimi siwezi kulisha ng'ombe ya maonyesho."

Nikavaa glavu. Nikaupasha mrija kwenye maji ya uvuguvugu kama kawaida, nikaupakia kwenye bunduki ya kupandishia, nikafanya kazi yote kwa utaratibu wake, hata nikampapasa ng'ombe mgongoni baadaye. Mikono yangu haikutetemeka. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikikumbuka, kwamba mikono ilitulia.

Omong'ina aliniosha kiwiko kwa maji ya chumvi. Akaniwekea ugali wa wimbi, mboga za chinsaga zilizolala kwenye maziwa, na kikombe kikubwa cha maziwa lala aliyosema ameyaomba kwa jirani, maana ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amekauka. Aliomba kabla sijala, na katika maombi nilisikia neno daktari mara mbili. Nilikula. Nilikula mpaka nikamaliza, kwa kuwa kuacha chakula kungeleta maswali.

Sironga

Nilifika kwa Kerubo jua likiwa limeinama. Yeye ni mwanamke wa umri wa mama yangu, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani, mguu wa plasta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye ndiye anayeweka tangi kubwa la naitrojeni upande ule, kwa hiyo kitu cha kwanza alichotaka ni mtungi wangu aujaze.

Akaufungua, akatia kijiti cha kupimia, akakitoa kikavu.

"Umekwisha wote. Ulimwagika wapi?"

"Baada ya Birongo," nikasema. "Kule juu, karibu na huku."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Kerubo alitazama tope lililokauka kwenye mdomo wa mtungi, tope jekundu. Aliniambia nilete pikipiki karibu na ukuta.

"Leo ni Ijumaa. Jua halijazama, tuna nusu saa kabla ya Sabato. Panda, egemea ukuta kwa kiwiko kizuri, inua miguu yote."

Nikapanda. Akavuta futi ya fundi cherehani kutoka mfukoni mwa aproni, akapima kutoka ekseli ya nyuma hadi chini ya kiti. Akaniambia nishuke, akapima tena.

"Upana wa kidole kimoja," akasema. "Ukikaa, inashuka kidole kimoja tu. Hii pikipiki haijui kama kuna mtu juu yake. Mokua aliikaza kwa ajili yake na gunia lake. Wewe uko kilo ngapi?"

Safari hii nikajibu. "Hamsini na tatu."

"Basi. Ndiyo maana inakutupa. Springi lazima ishuke kidogo ukiikalia, ndipo ipate nafasi ya kunyooka gurudumu likiingia kwenye shimo. Hii yako ilikuwa imenyooka tayari. Gurudumu likitoka shimoni, linakurusha tu. Inua kiti."

Chini ya kiti kulikuwa na mfuko mdogo wa ngozi wenye vifaa, na ndani yake spana yenye ndoano. Ilikuwa mle miezi yote miwili. Kerubo alinionyesha kwa kidole: chini ya kila shokomzoba kuna pete yenye ngazi tano. Zote mbili zilikuwa kwenye ngazi ya juu kabisa. Niliingiza ndoano, nikavuta. Zilikuwa zimeshikwa na kutu, nikazipaka oili, nikavuta tena, pete ikalia na kuteremka. Nikaenda hadi ngazi ya pili.

"Na upande wa pili ulingane na huo," akasema. "Ukiacha upande mmoja juu, itapinda ukiwa mwendoni. Siku ukibeba mtu, panda ngazi mbili."

Tulipima tena. Sasa ilishuka vidole vitatu. Akaniambia nipunguze upepo wa gurudumu la nyuma, nao ulikuwa wa Mokua. Nilipokaa mara ya mwisho, nyayo zangu zilikanyaga ardhi karibu nusu. Kazi yote haikumaliza ile nusu saa. Nilimkumbuka fundi Nyakundi akiuliza kilo zangu, na uso ukanichemka.

Jua lilizama. Kerubo aliimba wimbo mmoja wa kufungua Sabato, tukala viazi vitamu na maharagwe vilivyopikwa mapema. Kiazi changu nikakirudisha sahanini.

"Haukumwagika baada ya Birongo," nikamwambia.

"Najua. Tope ya huku ni nyeusi."

"Na nilimpandisha yule ng'ombe."

Kerubo aliweka kijiko chini. Hakupaza sauti. "Kwa mbegu ipi?"

"Kwa ile iliyokufa."

Akauliza ng'ombe ni wa nani, nikamweleza, pamoja na habari ya mchinjaji. Alifunga macho.

"Kwa hiyo baada ya wiki tatu itaita tena, na watasema ni tasa. Itachinjwa kwa sababu ya aibu yako."

"Naweza kuwapigia simu sasa."

"Simu hapana. Ulienda kwa miguu yako, utarudi kwa miguu yako. Kesho ni siku ya kupumzika, lakini kusema ukweli si kazi."

Kurudi Birongo

Nitawaambia kitu kuhusu ile safari ya kurudi: ilikuwa nzuri. Pikipiki ile ile, njia ile ile. Nilipita kwenye maramu nikiwa nimekaa kitini, gurudumu likiingia shimoni na kutoka bila kunibughudhi, na niliposimama kupisha kundi la waumini waliovaa nguo za kanisani, nilikanyaga chini kwa miguu miwili kama watu wengine. Ilikuwa laini kiasi kwamba nilitamani ingekuwa mbaya. Kama ingenirusha, ningekuwa bado na cha kulaumu.

Bomani hapakuwa na mtu. Ng'ombe alikuwa akicheua kwa utulivu. Nilimkagua, joto lilikuwa limepita, na mtungi wangu, uliojazwa gesi na mirija mipya ya Kerubo, haukuwa na msaada tena. Jirani aliniambia wote wako kanisani, akanielekeza kwenye jengo la mabati juu ya kilima.

Niliketi benchi la nyuma, nikidhani nitangoja mpaka mwisho. Walikuwa kwenye shukrani. Watu wawili walisimama, wakazungumza Ekegusii, wakaketi. Wa tatu alikuwa Omong'ina. Alikuwa hajaniona. Alizungumza kwa muda, akainua mkono wake wa kulia na kushika kiwiko, na watu wakaguna kwa huruma.

Mwanamke aliyeketi kando yangu aliona kwamba sielewi, akaninong'onezea kwa wema: "Anasema Mungu amemkumbuka. Alimletea daktari akaanguka kwenye matope, akainuka, akakuja kumpandishia ng'ombe. Anasema sasa anangoja ndama."

Nilitoka nje. Nilisimama kando ya pikipiki mpaka walipomaliza, nikiwa na njia ya kuondoka mbele yangu na ufunguo mkononi. Omong'ina alinikuta pale. Alifurahi, akanishika mikono yote miwili. Ombati alikuja nyuma yake.

"Omong'ina," nikasema, "mbegu niliyoweka jana ilikuwa imekufa. Mtungi ulimwagika nilipoanguka. Nililijua hilo kabla sijavaa glavu."

Kiswahili chake si kingi, akamtazama mwanawe. Ombati alinitazama mimi kwanza, kisha akamtafsiria. Mikono ya mama yake iliachia yangu, si kwa ghafla. Iliachia tu.

"Kwa nini ulikula?" akaniuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine.

"Niliona haya, Omong'ina."

"Haya ya nini?"

"Ya kuonekana siwezi pikipiki."

Ombati alitoa kicheko kifupi kisicho na furaha, akageuka kando. "Mimi ningeichinja," akasema. "Unajua? Ningeichinja, na ilikuwa haina makosa."

Omong'ina alisema maneno machache kwa lugha yao. Ombati akanitafsiria: "Anasema amesimama mbele ya watu akataja jina la Mungu juu ya uongo. Sabato ijayo atasimama tena aseme hivyo. Anauliza kama utakuwa hapo."

Nikasema nitakuwa. Na nilikuwa. Nilisimama mimi kabla yake, nikasema kwa Kiswahili kilichonikauka mdomoni, mzee wa kanisa akatafsiri. Hakuna aliyenizomea. Walisikiliza, kisha wakaendelea na wimbo uliofuata, nami sikujua nikae au nitoke.

Baada ya wiki tatu

Ng'ombe aliita siku ambayo nilikuwa nimeshaihesabu. Ombati alipiga simu, maneno matano tu. Nilifika mapema. Omong'ina alisimama karibu nami, si nyuma, akaniambia nifungue mtungi auone kwanza. Moshi ulifurika. Aliuchungulia mpaka akaridhika, akaitikia kwa kichwa nianze. Sikukaribishwa chakula, na nilishukuru kwa hilo.

Mkesha wa kuja likizo alinipigia mwenyewe, kwa Kiswahili chake.

"Daktari, siku zimepita, ng'ombe haijaita tena."

"Namshukuru Mungu, Omong'ina. Nafikiri ameshika."

"Nafikiri pia. Lakini kanisani bado sijasema kitu." Nikasikia kuku nyuma yake. "Mara hii sitasimama mpaka ndama isimame kwanza."